Kijiko Nilichokuazima

Tarehe 9, mwezi wa pili

Kwako mjukuu wangu, mume mwenzangu, mahabusu mashuhuri,

Hakuna kufuli lililowahi kunishinda tangu nizaliwe. Nalisema hili mapema ili na afande anayesoma barua hii kabla yako ajue anashughulika na ukoo gani. Afande, hujambo? Soma polepole. Mwandiko wangu uliishia darasa la nne, na mimi mwenyewe niliishia hapo hapo.

Haya, bibi yako amesimama nyuma yangu na mwiko, ananiambia niache uongo. Basi niseme kweli. Jumanne kufuli la jiko letu lilinishinda. Nilihangaika nalo toka asubuhi mpaka adhuhuri, mwishowe akaja fundi baiskeli akalipiga nyundo moja tu, likaachia. Lakini lile lilikuwa na kutu, na kutu si kufuli, kutu ni ugonjwa.

Habari zako nimezisikia kwa kinyozi. Nilikuwa nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, redio ikakutaja. Kinyozi akaongeza sauti, akaniacha hivyo hivyo kama jogoo aliyeponyoka kisu. Wanasema wewe na yule mwimbaji mwenzio, Profesa Radi, mna ugomvi wa muda mrefu. Wanasema ulitamka redioni kwamba utaingia ofisini kwake, uzichukue nyimbo zake mpya ukazizamishe chooni. Siku mbili baadaye sefu la ofisi yake likakutwa wazi, halijavunjwa, na diski yenye nyimbo haimo. Polisi wakakupekua, wakakuta nini kwenye begi? Kijiko changu.

Baada ya hapo watu wakaanza kupiga simu redioni kutoa maoni. Mmoja ufungwe miaka kumi, mwingine wewe ni malaika. Mmoja akasema hana hakika ya kesi ila viatu vyako havimpendezi. Nikamwambia kinyozi, hii mahakama ya redio ina mahakimu wengi, na hakuna hata mmoja aliyeamka mapema.

Mjukuu wangu, najua hukuiba. Wewe hata embe la jirani ulikuwa unaomba kwanza.

Sasa kijiko. Nilikuazima kwa siku moja, ya kupigia ile video yako. Ulisema kwa mdomo wako, "Babu, kesho jioni utakilia." Sasa ni miezi mitatu nalia chakula kwa kijiko cha plastiki, kinapinda kwenye ugali kama shingo ya kuku. Ukitoka, kikutangulie.

Bibi yako, yaani mke wetu, anakusalimu sana.

Mimi Babu yako,
Mzee Funguo


Tarehe 23, mwezi wa pili

Shikamoo Babu,

Barua imefika. Afande amecheka peke yake dirishani kabla hajanipa. Anasema ana sanduku la bati lililopotelewa na ufunguo, ukija utamsaidia.

Kijiko hakiko kwangu. Kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kimebandikwa karatasi: Kielelezo namba tatu. Kielelezo namba nne ni wimbo wangu. Mwendesha mashtaka ameuchapisha wote, kila mstari na namba yake, anausoma kama karani wa bohari anayehesabu mzigo. Kwa sauti ile hata wewe ungeuchukia.

*Nasaga mkia wa kijiko, nakipa masikio,*
*jino la kwanza ni mwongo, la pili lina kilio,*
*la tatu likicheka, sefu halina kimbilio.*

Akafunga karatasi, akasema: "Mheshimiwa, mshtakiwa amekiri kabla ya kukamatwa. Na amekiri kwa vina." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliuliza tu, "Jino la tatu ndiyo nini?" Hakuna aliyejua, nami sikuruhusiwa kusema.

Babu, wewe unajua. Ule wimbo ni wako. Ni hadithi uliyonisimulia tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Jinsi meneja wa kiwanda cha sabuni alivyopoteza ufunguo wa sefu, hati zote ziko ndani, malori yamekwama getini, mafundi wawili wakubwa wameshindwa. Ukaja wewe kijana, umevaa ovaroli ya kuazima, ukaomba kijiko kantini. Ukakisaga mkia sakafuni. Jino la kwanza, la pili, la tatu. Mlango huo, wazi. Nimejiita Jino la Tatu kwa sababu yako. Kila mtu huko nyumbani anaijua hadithi hiyo.

Wakili wangu anataka uje utoe ushahidi. Useme ni kisa chako cha zamani, kwamba mimi nimekiimba tu. Kesi inatajwa tena tarehe 15. Humu ndani tunalala zamu, Babu. Nimechoka mapema kuliko nilivyofikiri.

Mjukuu wako,
Jino


Tarehe 8, mwezi wa tatu

Kwako Jino,

Marahaba. Mwambie afande sanduku la bati halihitaji fundi, aligeuze chini juu atoe misumari ya bawaba.

Nimesikia habari ya ushahidi. Nimefikiri sana, na goti langu nalo limefikiri, likasema haliwezi kukaa kwenye basi siku nzima. Halafu suti yangu ya heshima ilizikwa na marehemu kaka yangu, kwa makosa ya shemeji. Nikija na hili koti la kazi, hakimu atadhani nimekuja kurekebisha mlango.

Nikuambie na maoni yangu juu ya huo muziki wako, maana hujawahi kuniuliza. Siku ya kwanza kuusikia nilidhani mtu anagombana na mwenye nyumba. Dakika tatu mtu anajisifu bila kumeza mate: mimi simba, mimi moto, mimi nina magari saba. Nikamwuliza kinyozi, huyu mwenye magari saba mbona jana nimemwona anasukuma bodaboda imeishiwa mafuta? Kinyozi akaniambia, "Mzee, hayo ni majigambo, hayatafutwi stakabadhi." Nikaelewa. Kumbe hip-hop ni majigambo ya wazee yaliyopewa spika. Siku hizi hata nikiwa napiga tupa nausikiliza. Ule wako wa kijiko nauweza mpaka kiitikio, ila usimwambie bibi yako.

Sasa hilo ndilo jambo ambalo mahakama haijasomeshwa. Mtu akijigamba kwamba aliua simba, humkamati kwa kosa la simba. Unamkatia kipande cha nyama, unamwambia endelea. Kama kila aliyejisifu angefungwa, magereza yangekosa hata mtu wa kushika funguo.

Na huyo wakili wako, msomi, lakini hajalipima hili. Nikisimama nikasema kisa ni cha kweli, si nitakuwa nimethibitisha kwamba kijiko kinafungua sefu? Na wewe ndiye mwanafunzi wangu? Nitakuwa nimekufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikisema vingine

Basi, wino unanisaliti. Wakili atafute njia nyingine. Wasomi hawakosi njia.

Babu yako,
Mzee Funguo


Tarehe 30, mwezi wa nne

Babu, shikamoo.

Tarehe 15 hakimu alikuwa na homa. Tarehe 29 jalada halikuonekana. Lilipoonekana, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika. Juzi tumepelekwa tena, tumekaa kwenye gari kuanzia alfajiri mpaka saa nane, tukarudishwa bila kushuka. Dereva alisema umeme wa mahakama umekatika. Nina mwenzangu humu alishikwa kwa kuku mmoja. Ana miaka miwili ndani, hajui kama kuku mwenyewe bado ni kielelezo au amezeeka akafa.

Mwanzo mashabiki walikuwa wanasimama nje ya mahakama, wana mabango. Wiki iliyopita alikuja mmoja. Aliniuliza kama namfahamu mtu wa kumpatia kazi.

Profesa Radi yeye anahojiwa kila Ijumaa. Analia, anafuta macho kwa kitambaa cheupe. Anasema amenisamehe ila sheria ichukue mkondo wake.

Siandiki tena kukubembeleza. Nilitaka tu ujue kwamba nimesoma barua yako mara nyingi, ile sehemu ya goti na suti. Wewe uliyepanda juu ya paa mwaka jana kuziba bati. Nimejiambia labda unauonea haya muziki wangu, ndiyo maana umeuzungushia utani. Au mtu aliyefungua sefu mbele ya watu mia mbili anaogopa hakimu mmoja mwenye miwani. Chochote kati ya hivyo, ni sawa. Wakili anasema bila shahidi wa upande wetu, hatari ni miaka mitano.

Bibi mwambie nakula vizuri.

Mjukuu wako


Tarehe 11, mwezi wa tano

Mjukuu wangu,

Barua yako bibi alinisomea, miwani yangu ina ufa. Alipofika kwenye "miaka mitano" akaikunja, akaiweka chini ya birika. Asubuhi nimeamka nimekuta viatu vyangu vimepigwa rangi, vimewekwa mlangoni, pua zake zinatazama barabarani.

Nimekaa na huyu mwanamke miaka arobaini na moja. Najua viatu vinasema nini.

Mwambie wakili nitakuja. Usinishukuru. Na siku hiyo, nakuomba kitu kimoja, ukiwa kizimbani usinitazame usoni.

Babu


Tarehe 2, mwezi wa saba

Babu,

Ulisema nisikutazame. Nilikutazama toka ulipoapa mpaka uliposhuka.

Nilikuwa najivuna, unajua? Ulipowaambia "jina langu ni refu, kazi yangu ni fupi, fundi kufuli", askari mzima aliyenishika pingu alitabasamu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wa wimbo. Mwendesha mashtaka akakuonyesha lile sefu la Radi, lile walilobeba watu wanne mpaka mbele ya hakimu, akakuuliza kama kijiko kinaweza kulifungua. Ulivaa miwani yako yenye ufa, ukafungua mlango wa sefu, ukachungulia ubavuni mwake, muda mrefu, mpaka hakimu akakuuliza kama umelala.

"Mheshimiwa," ukasema, "hili sefu halikufunguliwa kwa kijiko, wala kwa ufunguo, wala kwa uchawi. Halikuwa limefungwa."

Ukawaonyesha. Vyuma vya komeo vimezama ndani ya mlango, na rangi ya kijivu imepita juu yake kama ngozi. Ukasema kama ufunguo ungezungushwa hata mara moja tangu lipakwe rangi, vyuma vingetoka na ngozi hiyo ingepasuka. Katibu wa Radi mwenyewe alikuwa ameshasema lilipakwa mwaka jana, walipofungua ofisi. Hakimu alishuka kwenye kiti chake, akakwaruza kwa ukucha. Nilisikia ule mkwaruzo kutoka kizimbani. Yeyote aliyeingia ofisini mle alivuta tu.

Pale ungenyamaza, Babu! Ilikuwa inatosha. Ila mwendesha mashtaka akainuka, anatabasamu.

"Mzee, polisi wana mtaalamu, alilikagua sefu hili siku mbili. Hakuiona hiyo rangi. Wewe umeiona kwa dakika moja, na miwani imepasuka. Ulijuaje pa kuangalia? Au mjukuu wako alikuambia?"

Ukaniangalia. Mimi ambaye uliniambia nisikuangalie.

"Nimejua," ukasema, "kwa sababu nimewahi kukutana na jingine. Kiwanda cha sabuni. Meneja alisema limefungwa, na meneja akisema limefungwa, nani atavuta? Mafundi wawili walihangaika na tundu la ufunguo. Mimi nilipopiga goti nikaona komeo halijatoka. Ningesema pale pale, ningelipwa ujira wa kuvuta mlango. Nikaomba kijiko."

Waliocheka walicheka mpaka karani akagonga meza. Mwendesha mashtaka akauliza, "Kwa hiyo jino la tatu?" Ukajibu, "Hakuna jino la tatu, mwanangu. Hakuna hata la kwanza. Nilikuwa nahesabu ili muda upite."

Hukumu imesomwa jana, baada ya kuahirishwa mara mbili. Nimeachiwa. Nje ya geti hapakuwa na mtu zaidi ya wakili, naye alikuwa na haraka. Barua hii naiandika nikiwa kwa rafiki. Mtaani wananiita Jino Bandia. Kuna kipande cha video, sauti yako imewekewa ngoma: *hakuna hata la kwanza, hakuna hata la kwanza.* Kimesikilizwa kuliko wimbo wangu wowote.

Umenitoa, nakiri. Lakini umenitoa uchi. Miaka yote ile, jioni zote zile, usingeweza kuniambia hata mara moja, nikiwa peke yangu?

Sitakuja huko kwa sasa.

Jino


Tarehe 20, mwezi wa tisa

Kwako mjukuu wangu, mtu huru,

Nimechelewa kujibu. Si goti wala wino. Nilikuwa sina la kusema ambalo lisingekuwa uongo, na uongo nao umeniishia, nimeutumia wote kwenye barua za mwanzo.

Huku sasa naitwa Mzee Vuta. Mwenye duka la nguo amebadili kufuli, hakuniita. Watoto wakipita wananifungulia mlango wangu mwenyewe, wananiambia, "Babu, tumevuta." Nacheka nao. Kinyozi peke yake hajabadilika, ila siku ile video ilipopigwa redioni alipunguza sauti. Nikamwambia ongeza, hapo kwenye ngoma ni pazuri.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Nimelizungusha swali hilo kama ufunguo usio wake. Wateja niliwaambia kisa kwa sababu fundi asiye na kisa haitwi. Wao niliwadanganya kikazi. Ila wewe ulikuwa unanitazama kama mtu anayetazama redio mpya, unataka nirudie pale pa jino la tatu, unacheka kabla sijafika. Mtu akikutazama hivyo kila jioni, siku ya kuanza kusema kweli huioni kwenye kalenda. Nilisema atakua, atajua mwenyewe. Wewe ukakua ukatengeneza wimbo.

Kwenye ile barua yangu ya mwezi wa tatu niliandika "na nikisema vingine" nikakata. Hapo ndipo nilipokuacha ndani miezi mitatu ya ziada, kwa sababu ya jina la fundi kufuli. Hilo silitanii. Kuku wa yule mwenzio ana nafuu, yeye hakuwahi kumjua aliyemweka ndani.

Nikusimulie lililonikuta niliporudi kutoka mahakamani. Nilimkalisha bibi yako, nikamwambia, mke wangu, nina jambo la miaka arobaini na moja. Nikamwambia lote. Akaendelea kuchambua mchele. Akasema, "Najua." Unajuaje? "Asubuhi ile mimi ndiye niliyempelekea meneja chai. Nilimwona anaurudishia mlango wa sefu kwa goti, mikono imejaa karatasi. Hakuzungusha kitu." Nikamwuliza, sasa mbona hukusema, watu wote wale wamesimama juani? "Nani alimwuliza mtu wa chai?" Na mimi nilipokuja kuomba kijiko, mbona ulinipa? "Si uliomba kijiko? Nilitaka nione utafanya nacho nini."

Mjukuu wangu, nilitoka nje nikakaa. Miaka yote hiyo nasimulia, yeye yuko jikoni anasikia, anajua, ananiongezea chai. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi, hata siku moja, kuniomba nisimulie. Alinichukua bila sefu.

Sikuambii haya ili unisamehe. Nasikia Profesa Radi ametoa nyimbo mpya. Kinyozi anasema ni zile zile zilizoibiwa, na zinauzika kwa sababu ziliibiwa. Mimi sina la kusema, mdomo wangu ulishakuwa kielelezo. Ila umeniambia mtaani wanakucheka. Waache wachoke, watu huchoka. Mimi nimeshuhudia mwenyewe, juzi mtoto mmoja alisahau kuuvuta mlango wangu, akapita.

Sikudai heshima, hiyo nimekula mwenyewe. Sikudai shukrani. Ila kuna kitu kimoja ulichukua mikononi mwangu na ukaahidi kwa mdomo wako, na bibi yako shahidi. Kesi imekwisha, vielelezo hurudishwa kwa mwenyewe. Nenda kwa karani wa mahakama, mwambie namba tatu, weka saini. Kile kijiko si cha kufungulia kitu, sasa unajua. Ni kile cha kantini, alichonipa msichana wa chai.

Nikilie ugali wangu. Usikitume kwa basi, kitapotea. Kilete.

Babu yako,
Mzee Vuta